Mkojo wa Wanaume Saba

Nimewahi kukojoa kwa niaba ya wanaume saba, na sioni haya kulisema. Haya waione wao. Mmoja alikuwa mume wangu, sita waliobaki walikuwa wananiita shemeji, na wote saba walikuwa wakisimama mbele ya tanuru moja kwenye kiwanda cha sufuria hapa Arusha. Mkojo wangu uliandikwa majina yao, ukapelekwa kupimwa, ukarudi na majibu, na majibu yale ndiyo yaliyomfunga mume wangu kwenye lile tanuru. Mpaka leo nikikumbuka napandwa na hasira. Na hasira yenyewe ina watu wengi wa kugawana, mimi mwenyewe nikiwemo.

Nianze na meno, maana yote yalianzia huko. Mimi ni mzaliwa wa Lushoto, Arusha nimeletwa na ndoa. Mume wangu ni Mmeru wa kule juu mlimani. Watu wengi waliokulia kwenye maji ya huku meno yao ni ya kahawia, wengine yana madoa, wengine yamelika kabisa. Ni floraidi, madini yaliyomo kwenye maji, na hakuna anayeshangaa. Yangu ni meupe. Siku niliyopelekwa ukweni, mama mkwe alinitazama mdomo kabla ya kunitazama uso, akawauliza mashangazi, "Huyu meno yake anayaosha na nini?" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo ukoo mzima unanijua kwa meno.

Tunaishi Sombetini, kwenye nyumba tuliyojenga wenyewe chumba kwa chumba. Choo kiko nje, kona ya mwisho ya kiwanja, na choo hicho nitakirudia. Mume wangu aliingia kiwandani kama kibarua wa kushusha mizigo, akapanda mpaka tanuruni, akakaa huko miaka saba. Wanayeyusha skrepa za alumini: sufuria mbovu, fremu za madirisha, vipande vya injini za pikipiki, chochote kilicholetwa na gari. Ikishayeyuka wanatupia unga mweupe wanaouita dawa, uchafu unapanda juu, wanauengua, halafu wanamimina. Ile dawa ikigusa moto inatoa moshi unaokata koo. Kinga yao ilikuwa kitambaa cha kufunga puani. Kitambaa! Tena cha kununua mwenyewe.

Mimi nina banda la chakula nje ya geti la kiwanda. Napika makande, ugali na maharage, asubuhi nauza chai na chapati. Kwa hiyo nilikuwa nawaona kila mchana wakitoka humo macho mekundu, wanakohoa kwanza ndipo wanaagiza. Niliwazoea. Hilo nalo linanikera, kwamba nilizoea.

Mwaka juzi msimamizi wao aliwakusanya uani akawaambia wiki ijayo wanakuja wapimaji wa afya za wafanyakazi. Kila mtu wa tanuruni atatoa mkojo asubuhi kabla ya kuingia kazini, na atatoa mwingine jioni akitoka. Wataangalia floraidi na madini ya vyuma. Kisha akaongeza maneno yake mwenyewe: "Sasa atakayekutwa mchafu, mimi sitakuwa na la kumsaidia." Basi, akageuka akaenda zake. Hakuna aliyewaeleza kwamba kinachopimwa ni kiwanda. Hakuna aliyewaambia kwamba mkojo wa asubuhi unalinganishwa na wa jioni ili ijulikane siku nzima ya kazi imewaingizia nini mwilini. Wao walisikia neno moja tu, mchafu, na kila mmoja akajiona yuko barabarani na begi lake.

Mchana ule walikuja bandani wote saba kwa pamoja, jambo ambalo si la kawaida. Aliyesema ni yule wa kumimina, mrefu, mkubwa wao kwa umri, mtu wa utani kuliko wote.

"Shemeji," akasema, "sisi hapa meno yote yameungua. Tukitoa mkojo wetu, floraidi wataiona hata kabla hawajafungua kifuniko. Hapa msafi ni wewe peke yako."

Nilicheka. Shemeji kwa shemeji tunataniana, nikajua ni utani. Nikamwambia, "Kwa hiyo mnataka niwakojolee?"

"Ndiyo."

"Nyie wanaume mna wazimu?"

"Wewe umekunywa maji ya Lushoto."

"Lushoto nimetoka miaka kumi na miwili iliyopita!"

"Meno hayajatoka," akajibu, na wenzake wakaitikia kwa vichwa kama wazee wa kanisa.

Nikamtazama mume wangu, nikitegemea atawafukuza. Alikuwa anakoroga chai ambayo sukari ilishayeyuka zamani. Jioni nyumbani ndipo aliposema. "Nikitolewa pale nitaanzia wapi tena? Nifanyie hilo moja tu." Mimi mwenye mdomo huu, mimi ninayegombana na wenye duka wakinipunguzia hata punje ya mchele, siku ile nilisema, "Haya." Sijawahi kulijutia neno fupi kiasi hicho.

Walikuwa wamesikia kwamba mpimaji hukishika kikopo kuona kama mkojo ni wa moto. Kwa hiyo nikatoa chupa ya chai, ile ya bluu niliyopewa siku ya kuagwa kwetu. Siku ya kupimwa niliamka nikanywa maji ya bomba mpaka tumbo likawa linacheza. Maji ya bomba ya hapa hapa Sombetini, jamani! Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeliona hilo. Tuliona meno tu. Nikaijaza chupa, nikaifunga kitambaa chekundu shingoni nisije nikaichanganya na ya wateja, nikaiweka chini ya meza. Mmoja mmoja akaja na kichupa kilichokuwa cha dawa ya kikohozi, akasema, "Shemeji, chai yangu." Nilikuwa nawamiminia, wanafutika kichupa kwapani, wanaingia getini. Jioni tukarudia. Ningekuwa na mimba siku ile, nadhani wangekutwa nayo wote saba.

Majibu yaliporudi msimamizi aliwasomea uani, na mimi nilikuwa getini nimepeleka vyombo, nikasikia kwa masikio yangu. "Floraidi ipo," alisema. "Lakini ipo asubuhi na ipo jioni, kiasi kile kile. Maana yake mnakuja nayo kutoka majumbani kwenu. Ni maji yenu. Kiwanda hakijawaongezea kitu. Na madini ya vyuma, hakuna la kuzungumza, mko vizuri." Akawashauri wachemshe maji ya kunywa. Kuchemsha! Floraidi haitoki kwa kuchemsha, nilikuja kuambiwa baadaye. Maji yanapungua, yenyewe inabaki. Lakini alisema kama daktari, nao wakaitikia.

Kulikuwa na feni kubwa ya kuvuta moshi iliyokuwa imeahidiwa tangu mwaka uliotangulia. Majibu yale yalipobandikwa ukutani, habari ya feni ikaisha. Feni ya nini, wakati watu wako vizuri? Na wale wanaume saba walifurahi. Waliniletea kitenge. Nami nikakipokea, nikakishona, nikakivaa kanisani.

Mume wangu alianza kuharibika mwaka huo huo. Kwanza kifua. Akipanda kale kamwinuko ka kwetu anasimama mara tatu, anapiga mluzi kwa ndani. Halafu mgongo na magoti vikakakamaa. Mwezi wa sita, baridi ya Arusha ilipoingia, alikuwa hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Nikawa nazifunga mimi, yeye ameshika ukuta, anatazama pembeni. Mtu wa miaka arobaini na moja! Asubuhi hakuweza kutembea mpaka chooni kabla mwili haujapata moto, nikamtafutia kopo la rangi lenye mfuniko, akawa anajisaidia mle chumbani, mimi naenda kumwaga.

Hospitali walimpa dawa za kifua na za maumivu. Daktari akamwambia asikae tena penye moshi. Akaenda na karatasi ya daktari kwa msimamizi kuomba ahamishiwe upande wa kupaki sufuria. Kupaki tu, hakuomba ufalme. Msimamizi akafungua droo akatoa karatasi ya majibu. "Mzee, wewe ni huyu hapa? Mwili wako hauna shida yoyote na tanuru. Nikikutoa wewe, kesho wote watataka kutoka." Karatasi ile ilikuwa ni mimi. Ilikuwa tumbo langu na kibofu changu na maji yangu ya bomba, na ndiyo iliyokuwa inamrudisha mume wangu kwenye moshi.

Nilipoambiwa, nilifunga banda mchana kweupe, sufuria ya maharage ikiwa jikoni, nikaingia ofisini kwa yule bwana bila kubisha hodi. Nikamwambia, "Ule mkojo haukuwa wao. Ulikuwa wangu. Wote saba."

Hakushtuka hata kidogo. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, hakushtuka. Aliweka kalamu mezani taratibu, akaniuliza, "Mama, unataka kuniambia wanaume saba walikidanganya kiwanda? Maana hilo ni kosa la kufukuzwa. Niandike? Nikiandika, kesho asubuhi wote saba wanabaki nje ya geti, na mumeo akiwa wa kwanza. Niandike au nisiandike?"

Alijua. Naapa alijua tangu zamani, na pengine alijua kabla sijaijaza ile chupa. Nikageuka nikatoka. Maharage nilikuta yameungua, nikayamwaga, nikalia kwa sauti mbele ya wateja, na walioniuliza kulikoni niliwafokea.

Nyumbani nilimwambia mume wangu aache kazi. Akasema akiacha mwenyewe hapati chochote na kifua ni kile kile. Nikamwambia basi aseme ukweli. Akasema, "Siwezi kuwaponza watu sita."

"Na wao wanavyokuponza wewe?"

"Hawajaniponza wao. Tulikubaliana."

Tulikubaliana! Nilitamani nimrushie mwiko. Sita wale walikuwa wanakula kwangu kila siku, wanamwona anavyokaa kwenye benchi kama mzee wa miaka themanini, na hakuna aliyefungua mdomo isipokuwa kuongezewa mchuzi.

Mwaka ukazunguka, wapimaji wakarudi. Siku moja kabla ya kupima, mmoja wao, binti wa miwani, alikuja kuleta vikopo na njaa ikamleta bandani kwangu. "Shikamoo mama." "Marahaba." Nikampa makande. Alikula akayasifia, akauliza kama nimeweka magadi. Nikamwambia nimeweka, mahindi yangelainikaje? Akatabasamu, akasema magadi ya huku nayo yana floraidi nyingi sana. Hapo nikamkalia mbele. Nikamuuliza, je, mtu mwenye meno meupe mkojo wake unakuwa msafi?

Akashangaa. "Hapana mama. Meno yanaeleza ulichokunywa ukiwa mtoto. Mkojo unaeleza ulichokunywa jana na hewa uliyovuta leo."

Nilihisi kama nimezabwa kofi. Nikamuuliza swali la pili. Ikitokea watu saba wamepimwa na namba zao zote zimefanana, wanafanyaje?

Aliacha kutafuna. Akatazama geti, akanitazama mimi, akashusha sauti. "Za mwaka jana zilifanana. Niliandika pembeni ya karatasi. Nikaambiwa ni kwa sababu wanakunywa maji ya aina moja." Kisha akamaliza makande yake haraka haraka, akaaga. Sikumchukia. Lakini aliandika pembeni, mwenzangu. Pembeni!

Jioni ile ile yule wa kumimina akaja, anatembea upande upande kama mbwa aliyeiba. Alikuwa na ujasiri wa kunitazama usoni.

"Shemeji," akasema, "ile chupa bado ipo?"

Nilikuwa na upawa wa moto mkononi. Mungu ndiye anajua kwa nini haukutua kichwani kwake. Nikavuta pumzi, nikamwambia, "Ipo. Njooni asubuhi kama mwaka jana."

Asubuhi mume wangu alikojoa kwenye kopo lake kama kawaida, akalala kidogo kusubiri mgongo ulegee. Nikalitoa kopo nje kama kawaida. Safari hii sikwenda chooni. Nilikwenda jikoni, nikaijaza chupa ya bluu kwa mkojo wake wakati bado una moto, nikakaza kifuniko, nikafunga kitambaa chekundu. Mkojo wa mtu aliyekula moshi miaka saba. Bandani wakaja mmoja mmoja na vichupa vyao, "Shemeji, chai yangu," nami nikawamiminia kwa heshima zote. Mume wangu naye akaja na kichupa chake. Kati ya wote saba, yeye peke yake ndiye aliyepeleka mkojo wake mwenyewe, na hakujua. Jioni tukarudia kwa kilichobaki. Chupa ile nzuri, ilikuwa bado ina joto.

Nilifikiria kazi za watu? Nilifikiria. Nilifikiria wake zao, nawajua kwa sura. Na bado nilimimina. Atakayenihukumu, aje kwanza amfunge mume wangu kamba za viatu.

Sasa sikiliza mambo ya dunia hii. Mwaka uliotangulia namba saba zilifanana, nzuri, na hakuna aliyesogeza mguu. Mwaka wa pili namba saba zikafanana, mbaya, na gari lilifika getini kabla hata majibu hayajabandikwa. Walishuka watu watatu na yule binti wa miwani. Walitaka kila mtu wa tanuruni akojoe upya, siku hiyo hiyo, asubuhi na jioni, mlango wa choo ukiwa wazi na mtu amesimama nje. Msimamizi alikuwa anazunguka uani na simu sikioni, shati limelowa. Vichupa vya dawa ya kikohozi vilitupwa mtaroni nyuma ya banda langu. Niliviokota mimi, vilikuwa sita.

Mara hii majibu yalikuwa yao wenyewe. Namba hazikufanana hata mbili. Za jioni zilikuwa zimezipita za asubuhi kwa wote, na zote zilikuwa za kutisha. Hakufukuzwa mtu, maana wangewafukuza wote saba tanuru lingewashwa na nani, na wale watu watatu walikuwa wanaandika. Feni imefungwa. Inavuma mchana kutwa, naisikia nikiwa nakanda unga. Mume wangu ametolewa tanuruni, anapaki sufuria, amekaa kwenye kiti. Kifua kimetulia kidogo. Mgongo haujarudi, na daktari amesema tusiutegemee. Viatu namfunga mimi mpaka leo. Alipojua nilichofanya hakusema nami siku mbili, siku ya tatu akaninyooshea mguu, nikafunga.

Yule wa kumimina alipotea bandani wiki nzima, kisha asubuhi moja akaja peke yake, akakaa mwisho wa benchi. Utani ulikuwa umemwisha. Alikuwa ameshika karatasi yake imekunjwa mara nne, akaifungua akanisogezea. Namba yake ilikuwa imeipita hata ya mume wangu. Mtu mkubwa yule, anayecheka kila siku, mwaka mzima mkojo wangu ulikuwa unamficha na yeye, nami nilikuwa nimevaa kitenge chake kanisani.

Nilitaka kumfokea na nilitaka kumshika mkono, na sikufanya hata kimoja. Nikachukua kikombe, nikammiminia chai kutoka kwenye chupa mpya, ya kijani, nikamwekea mbele. Akakiinamia. Akanusa kwanza.

"Kunywa, shemeji," nikamwambia. "Hii ni chai."

Akanywa. Alipotaka kuinuka kwenda kazini, mgongo ulikataa, akabaki ameshikilia meza kwa mikono miwili, anasubiri, anatazama pembeni. Nikaangalia miguuni kwake. Kamba za viatu zilikuwa zinaburuzika.

Nikaweka chupa chini, nikapiga magoti.